Pesa za Chuma za Koko Zetu: Namna ya Kuzipiga Picha kwa Simu Bila Gharama



Juma lililopita, tulipomaliza kugawa likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alitoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua na kumwaga mezani pesa 11 za chuma. Akasema: "Hizi ni za koko aliyenilea. Kaka zangu wanataka tuziuze. Kuna mtu amekuja mara mbili kuziulizia, na kwa zote anatoa bei ya gunia moja la makala. Mimi sijui ni pesa gani wala ni za mwaka gani. Nisaidieni, mama zangu. Jumapili lazima nimpe jibu."

Tuliizunguka meza. Mmoja aliona tembo, mwingine akaona mti wa mawese. Wawili walibishana kama ile yenye tundu katikati ni pesa kweli au ni kipande cha mashine. Mwishowe kila mmoja akatoa simu yake na kupiga picha, ili tukaulize watu wanaojua. Jioni tukaziangalia zile picha. Zilikuwa 23, na hata moja haikusomeka. Nyingine zilikuwa na kivuli cha kichwa cha mpigaji, nyingine na doa jeupe la flash katikati ya uso wa mfalme. Katika nyingine maua ya kikwembe kilichotandikwa mezani yalionekana vizuri kuliko pesa yenyewe.

Tuliona aibu, kwa sababu mwenzetu alikuwa anangojea. Basi siku tatu tulijifunza upya kazi hii ndogo, kwa simu zetu hizi za kawaida, bila kununua kitu. Tunawaandikia yale tuliyojifunza.

KWA NINI TUJISUMBUE

Watoto wetu hawajui pesa ya chuma ya nchi yetu. Franga tunayotumia tangu 1998 ni ya karatasi tu mikononi mwetu. Wale wanaovuka Petite Barrière kwenda Gisenyi na biashara zao wanajua pesa za chuma za Rwanda, ile ya 100 yenye vyuma vya rangi mbili, na wanazileta nyumbani chini ya mfuko. Lakini zile za kwetu za zamani zimebaki katika makopo, katika masanduku ya waliokufa, katika mikufu ya koko zetu, na nyingine zilishonwa kwenye nguo kama vifungo.

Nasi hapa Goma tunajua jinsi kitu kinavyopotea. Kuna mama mwenzetu aliyekuwa akiishi Buhene. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipopasuka, alikimbia na watoto wanne na godoro moja. Mkufu wa koko wake, wenye pesa saba za tundu, ulibaki katika sanduku chini ya kitanda. Aliporudi hakukuta sanduku wala kitanda, na hata pale mlango ulipokuwa hapakujulikana. Mawe meusi yalikuwa bado yanatoa moshi. Katika simu yake ilibaki picha moja tu ya ule mkufu, iliyopigwa usiku, yenye ukungu. Mpaka leo anaikuza kwa vidole viwili akitafuta kuusoma mwaka, na hausomeki. Alituambia: "Ningepiga moja tu ya mchana, ningekuwa na kitu cha kuwaonyesha watoto."

Waliopoteza nyumba zao tarehe 17 Januari 2002, lava ilipokata mji katikati mpaka ziwani, wana hadithi kama hiyo. Waliokimbia vita wanazo nyingi zaidi. Picha hairudishi kitu, lakini inashika ushuhuda kwamba kitu kilikuwapo, kilikuwa cha nani, na kilifanana vipi. Inasaidia pia ndugu wanapogawana urithi, na inamzuia mnunuzi kutudanganya kwa sababu hatujui tulicho nacho.

NI PESA ZIPI ZILIZO KATIKA MAKOPO YETU

Kabla ya pesa za chuma, watu wa kando ya Ziwa Kivu walifanya biashara kwa butega, zile bangili nyembamba za nyuzi za mmea. Na lugha yetu yenyewe ni kama sanduku la pesa za kale. Neno "pesa" lilitoka India pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Neno "hela", ambalo ndugu zetu wa Tanzania wanalitumia kila siku, lilitoka kwa pesa ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Heller. Na tunaposema "makuta" tunataja pesa ya wakati wa Zaire. Hizi ndizo zinazoonekana mara nyingi:

Pesa ya tundu. Zile za kwanza za Kongo ya mfalme Leopold wa Pili zilianza mwaka 1887, na zile ndogo zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati ya nyota. Baadaye zikaja za chuma cheupe, zenye tundu na nyota vilevile, zilizoandikwa "Congo Belge" kwa Kifaransa na "Belgisch Congo" kwa lugha ya Waflamand. Tundu liliwasaidia watu kuzitunga kwenye kamba, ndiyo maana nyingi ziligeuka mikufu.

Pesa ya tembo. Hii ni ya wakati wa Vita Kuu ya Pili na miaka iliyofuata. Iliyo ya ajabu kupita zote ni franga 2 za mwaka 1943: ina pembe sita. Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani, kwa hiyo pesa hiyo ilitengenezwa Marekani, katika mji wa Philadelphia. Baada yake zikaja za mviringo, zenye tembo yuleyule.

Pesa nyepesi ya mti wa mawese. Ni ya aluminiamu, nyepesi kama kifuniko cha sufuria, ya miaka ya 1954 mpaka 1960. Imeandikwa Congo Belge pamoja na Ruanda-Urundi, kwa sababu wakati ule Goma na Gisenyi zilitumia pesa moja. Ndizo nyingi kuliko zote, kwa hiyo msitegemee kwamba zitajenga nyumba.

Pesa ya simba. Kuna franga 10 za mwaka 1965, baada ya uhuru, zenye kichwa cha simba. Na kuna shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo simba wake amesimama mbele ya milima. Ile ilifika huku mifukoni mwa wafanyabiashara waliotoka upande wa Uganda, na zile za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina fedha kidogo iliyochanganywa ndani yake.

Pesa za Zaire. Mwaka 1967 zaire 1 ilichukua nafasi ya franga 1,000, na ikagawanywa katika makuta 100. Sengi 10 zilikuwa na chui, na makuta 5 yalikuwa na uso wa Mobutu. Wamama wenye umri wanakumbuka yaliyofuata: bei zilipanda mpaka mwaka 1993 zaire milioni tatu zikawa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franga moja. Ndiyo maana makopo mengi yalifungwa na kusahauliwa. Vilivyokuwa ndani havikuweza tena kununua hata kiberiti.

JAMBO LA KWANZA: MSIZISUGUE

Tunawajua, wamama, maana nasi tuko vilevile. Tukiona kitu cheusi mikono inatuwasha. Tunatafuta majivu, ndimu, mchanga, dawa ya meno, na kile kisugulio cha sufuria. Tafadhali, hapana. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyojengeka juu ya pesa ya zamani ndiyo ngozi yake. Ukiisugua unatoa mikwaruzo midogo isiyotoka tena, na mtu anayekusanya pesa za kale ataona mara moja kwamba imesuguliwa na atapunguza bei sana. Vumbi letu la volkano ni baya zaidi, kwa maana chembe zake zinakwaruza kama msasa.

Kama pesa ina udongo, imwagie maji safi tu, iache ijikaukie juu ya kitambaa laini, usiifute kwa nguvu. Ishike kwa ukingo, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, usiguse uso wake. Jasho la vidole nalo linaacha alama.

VITU VINAVYOTAKIWA

Simu moja yenye kamera, hata ya bei ndogo. Makopo mawili yenye urefu sawa, kama ya maziwa ya unga au ya nyanya. Karatasi nyeupe mbili za daftari. Kitambaa cheusi au cha kijivu kisicho na maua. Rula ya mtoto wa shule. Tochi, au simu ya pili yenye tochi. Kalamu. Hivyo tu. Kama kuna kitu ambacho hakimo nyumbani, jirani anacho.

HATUA KWA HATUA

1. Tafuteni mwanga mzuri. Mwanga wa bure ni ule wa mlangoni au dirishani, pasipopigwa na jua lenyewe. Asubuhi kabla ya saa nne, au alasiri kuanzia saa tisa, ni wakati mzuri. Saa sita jua la kwetu liko juu ya kichwa, linatoa vivuli vikali na mng'ao unaofuta maandishi. Siku yenye mawingu, ambayo hamwezi kuanika nguo, ndiyo siku bora ya kupiga picha. Angalieni pia rangi inayozunguka: chini ya shitingi la bluu kila kitu kitakuwa bluu, na chini ya taa ya njano shaba na fedha zitafanana.

2. Zimeni flash. Pesa ni kama kioo kidogo. Flash ikiipiga kutoka mbele, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye kamera na kuacha lile doa jeupe tuliloliona katika picha zetu.

3. Futeni jicho la kamera. Mikono yetu inatoka kwenye mafuta ya mawese na unga wa mihogo kwenda kwenye simu. Nusu ya ukungu wa picha zetu za kwanza ulitoka hapo. Tumieni kitambaa laini, kikavu, kisicho na vumbi.

4. Jengeni daraja. Tandikeni kitambaa kisicho na maua juu ya meza karibu na mlango. Wekeni makopo mawili, moja kushoto na moja kulia, yakiwa na urefu wa sentimita 12 mpaka 15. Lazeni simu juu yake kama daraja, jicho la kamera likitazama chini katikati. Wekeni pesa chini ya jicho hilo. Sasa mkono hautetemeki, na simu iko sawasawa na meza, kwa hiyo pesa itaonekana mviringo kamili, si kama yai.

5. Msisogee karibu mno. Hili ndilo kosa letu kubwa. Tulifikiri ukitaka kuona kitu kidogo lazima uisogeze simu mpaka ikiguse. Lakini simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 8 au 10, kama vile jicho lako lisivyoweza kusoma karatasi iliyogusa pua. Bora pesa ichukue theluthi moja ya kioo cha simu lakini ionekane wazi, kisha mkate pembeni baadaye. Msikuze kwa vidole kabla ya kupiga, mkuze baada. Na kama simu ina jicho dogo la pili linalotangazwa kuwa la vitu vya karibu, lijaribuni, lakini pigeni pia kwa jicho kubwa na mlinganishe. Katika simu za bei ndogo mara nyingi jicho kubwa ndilo linaloshinda.

6. Gusisheni na kungoja. Wekeni kidole juu ya pesa katika kioo cha simu, mkishikilie kidogo mpaka duara au mraba utulie. Simu imejua sasa kitu cha kutazama. Simu nyingi zinaonyesha pia alama ya jua: ishusheni kidogo kama pesa inang'aa sana, ipandisheni kama ni nyeusi. Kisha tumieni ile alama ya saa ndogo, sekunde 3, ili simu ijipige yenyewe bila kutikiswa na kidole.

7. Rudisheni mwanga. Upande wa mlangoni pesa itakuwa na mwanga, upande wa pili itakuwa na giza. Kunjeni karatasi nyeupe isimame upande wa giza, karibu na pesa. Itarudisha mwanga kama kioo cha upole. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, mama mmoja alipiga kelele: mkonga wa tembo ulitokea pale ambapo hatukuona kitu.

8. Pigeni mbele na nyuma, na moja yenye rula. Kila pesa ina picha tatu: uso, mgongo, na moja iliyowekwa kando ya rula ili upana wake ujulikane. Kama ukingo una meno au maandishi, pigeni ya nne.

PESA ILIYOLIKA

Nyingine zimepita mikononi mwa watu wengi mpaka zimekuwa laini kama kifungo. Hapo mwanga wa mchana hautoshi. Ingieni mahali penye giza kidogo. Chukueni tochi, ifunikeni kwa karatasi nyeupe ili isiumize, kisha ilazeni chini kabisa, karibu usawa wa meza, imulike pesa kutoka ubavuni. Zungusheni tochi polepole kama mkono wa saa. Herufi zilizolika zinatoa vivuli vidogo, na mahali fulani katika mzunguko huo mwaka unajitokeza. Pigeni hapohapo.

Njia hii ilitupatia mwaka wa ile pesa ya tundu. Tuliizungusha tochi mara nne. Mara ya tano mmoja wetu akasema, "Simama hapo," na sote tukasoma: 1911.

Na mama asiye na simu asijione yuko nje. Weka karatasi nyembamba juu ya pesa, sugua polepole kwa upande wa kalamu ya risasi. Sura na herufi zitajichora zenyewe juu ya karatasi, na pesa haitaumia. Watoto wanaipenda kazi hii, na wakati wanachora unaweza kuwasimulia.

KUHIFADHI NA KUTUMA

Picha iliyo katika simu moja haijahifadhiwa. Simu inaibiwa, inaanguka majini Kituku, inakufa bila kuaga. Fanyeni hivi:

Kabla ya kupiga, ingieni katika mipangilio ya kamera na mzime alama ya mahali. Simu nyingi zinaandika ndani ya picha sehemu ilipopigwa, na si kila mtu anapaswa kujua ni nyumba gani yenye vitu vya kale.

Mkituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha inapunguzwa na herufi ndogo zinapotea. Bonyezeni alama ya kibanio cha karatasi, chagueni "Document", kisha mtafute picha. Itatumia mega nyingi zaidi, kwa hiyo tumeni zile bora tu. Jueni pia kwamba kwa njia hii picha inakwenda nzima na kila kilichoandikwa ndani yake, ndiyo maana tumesema mzime alama ya mahali kwanza.

Tumeni kwa watu wawili wa jamaa walio sehemu mbili tofauti, kwa mfano mmoja Bukavu na mwingine Kampala. Yakitukuta ya kutukuta hapa, huko zitabaki.

Andikeni hadithi. Pesa bila hadithi ni chuma. Katika daftari, kwa kila pesa, andikeni: ilikuwa ya nani, aliipata wapi, ilinunua nini wakati ule, nani aliiweka. Piga picha ya ukurasa huo pia. Mama mwenye uwezo aende studio ya picha, atoe moja kwenye karatasi, aiweke pamoja na vyeti vya watoto, katika ule mfuko unaoshikwa wa kwanza siku ya kukimbia.

Pesa zenyewe zifungeni moja moja katika karatasi kavu ya daftari, si katika mfuko laini wa plastiki. Plastiki nyingine baada ya muda inatoa mafuta ya kijani yanayoila shaba.

KUHUSU WANUNUZI

Hatusemi msiuze. Ada ya shule haingojei, na pesa ya koko inaweza kumsomesha mjukuu wake, hilo nalo ni heshima. Tunasema tu: uzeni mkijua.

Bei ya pesa ya kale inatokana na mambo matatu: ni ngapi zilizobaki duniani, imelika kiasi gani, na je, kuna mtu anayeitafuta. Uzee peke yake hautoshi. Pesa ya 1911 iliyolika inaweza kuwa na bei ndogo kuliko ya 1943 iliyo safi. Kwa hiyo msidharau, na pia msiote ndoto za magari.

Msiuze kopo zima kwa bei moja. Mtu anayesema "nachukua zote" mara nyingi ameshaona moja anayoitaka. Mwambieni achague, kisha muulize kwa nini amechagua ile. Onyesheni picha kwa watu watatu kabla ya kukubali. Mtu wa mbali akiwaambia kwamba atanunua kwa dola nyingi, lakini kwanza mtume pesa ya usafirishaji au ya karatasi za forodha, kateni maneno hapohapo. Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji pesa. Na msiweke picha zenu kwenye status ambapo kila mwenye namba yenu anaona.

Kama mnakutana na mnunuzi, mkutane mchana, penye watu, mkiwa wawili au watatu. Kikundi ni kwa ajili ya hayo pia.

ZILE PESA 11

Tulimpa mama yetu jibu Jumamosi jioni, siku moja kabla ya ile aliyoogopa. Zilikuwa hivi: tano za aluminiamu zenye mti wa mawese, mbili za mviringo zenye tembo, moja ya tembo yenye pembe sita ya mwaka 1943, moja ya tundu ya mwaka 1911, shilingi moja ya simba, na makuta 5 ya mwaka 1967. Picha 33, zote zinasomeka. Tulitumia siku tatu, mega kidogo, na chaji ya simu mbili.

Alizituma kwa kaka zake, mmoja Kindu na mwingine Kampala. Wa Kindu alikaa kimya siku nzima. Kisha akapiga simu, akauliza ile ya pembe sita iko wapi. Akasema alikuwa mtoto mdogo alipoishika, koko akimwambia kwamba baba yake mwenyewe aliileta nyumbani wakati wa vita ya Wazungu, na kwamba ilikaa ndani ya sufuria ya chumvi mpaka akaolewa nayo. Dada yake hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Miaka yote alikuwa na pesa, na kaka yake alikuwa na maneno yake, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake anashika nusu nyingine.

Mabishano hayajaisha. Kaka wa Kampala bado anataka zile tano za mti wa mawese ziuzwe, na labda zitauzwa. Lakini yule mnunuzi alipokuja Jumapili, mama yetu alimwonyesha picha tu. Mnunuzi akazitazama moja baada ya nyingine, akasimama kwenye pembe sita, akasema, "Hii peke yake nitakupa bei ya magunia mawili." Mama akamjibu kwa upole kwamba hiyo haimo katika mazungumzo.

Wamama wapenzi, juma hili tunawaomba kazi moja. Fungueni lile kopo. Muulizeni koko, kama bado yuko nasi, kila kimoja kilitoka wapi, na mumuulize leo, msingoje sikukuu. Kisha kaeni mlangoni wakati mwanga ni mzuri, mjenge daraja la makopo mawili, mpige. Jumatano ijayo, kabla ya likelemba, mlete picha zenu na daftari. Asiyeweza peke yake aje na pesa zake tu, meza ipo na tochi ipo.

Tubaki na amani.